Bluu Iliyomwangusha Bi Makaa

Mawe ya Bi Makaa yalipasuka. Hayakuangushwa na mtu wala hayakugongwa na kitu. Yalikuwa yamekaa juu ya meza za ofisi, yamebana karatasi kama yalivyoagizwa, na moja baada ya jingine yakapasuka yenyewe.

La kwanza lilipasuka katikati ya kikao, kwa mlio uliowafanya watu wazima wainame chini ya meza. La nne lilimchana kiganja mama wa mapokezi, akashonwa nyuzi tatu. Yalipofika ishirini na saba, kila mwenye jiwe la Bi Makaa alilitazama kama unavyomtazama mbwa usiyemfahamu.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Watu wengi walidhani habari yake imeishia hapo. Walikosea.

Leo asubuhi, jua likiwa bado halijavuka ukuta, Bi Makaa amesimama mbele ya tanuri lake jipya, nyuma ya uwanja wa kufyatulia matofali ya saruji. Tanuri lina ukubwa wa pipa lililolazwa. Linawaka kwa oili chafu ya magari, na feni kuukuu inaupuliza moto hadi unanguruma. Juu kuna mabati manne. Ukuta ni wa upande mmoja tu. Pande nyingine tatu ni upepo.

Anaingiza fimbo ndefu ya chuma, anaizungusha ndani ya chungu, anaitoa ikiwa na donge la kioo lenye rangi ya papai lililoiva. Analishusha juu ya ua dogo la bluu alilolipanga kwenye bamba la chuma, petali zake ni vipande vyembamba kama punje za mchele. Kioo kinalinasa ua. Anarudi chunguni, anaongeza tabaka jingine la kioo juu yake, kisha anakaa kwenye benchi na kuanza kuiviringisha fimbo kwenye mikono miwili ya chuma ya benchi hilo.

Mkono wa kulia umeshika gazeti lililokunjwa mara nyingi na kuloweshwa maji. Kwa gazeti hilo bichi, bila glavu, analifinyanga donge hadi linakuwa duara. Mvuke na moshi vinapanda kati ya vidole.

"Magazeti yenu nayanunua kwa kilo," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Kuyasoma siyasomi. Lakini kwa kazi hii hakuna kinachoshinda habari iliyolowa."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye anayeshika koleo. Yeye ana utafiti wake. "Ukurasa wa michezo unavumilia moto," anasema. "Wa siasa unaungua hata kabla haujagusa."

Anachotengeneza Bi Makaa kwa jina la dukani ni kikandamiza karatasi. Mtaani wanaliita jiwe la meza, na yeye mwenyewe husema jiwe tu. Ni tufe la kioo linalojaa kiganjani, limekatwa bapa chini ili likae, na ndani yake kuna ua, au tone, au mzunguko wa rangi unaoonekana mkubwa kuliko ulivyo. Jiwe dogo analiuza kwa bei ya kilo mbili za nyama. Mwezi mzuri anauza arobaini. Akishatoa oili na kodi, kinachobaki kinalisha watu watatu bila kuwanenepesha.

Jina la Bi Makaa alipewa na mafundi wa gereji kwa sababu ya harufu ya moshi inayomtangulia. Jina lake la kweli, anasema, ni la hospitali na la kaburi, na kote huko hana haraka ya kufika.

Kazi hii hakuifuata shuleni. Alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha chupa. Kazi yake ilikuwa kukusanya vigae vya chupa zilizovunjika na kuvirudisha kwenye tanuri. Wakati wa mapumziko mafundi wa moto walichota kioo kilichobaki na kutengeneza mawe ya kuwapelekea wake zao. Fundi mmoja hakuwa na mke. Jiwe lake alimpa mfagiaji.

"Nikamwambia, hili nitalifanyia nini, mimi sina meza wala karatasi," anakumbuka. "Akanijibu, basi nitaanza na meza."

Walioana. Kiwanda kilipofungwa walijenga tanuri lao dogo kwenye kiwanja cha kaka yake Bi Makaa, nyuma ya gereji ya huyo kaka. Mume alimfundisha kila kitu, kisha kifua kikamchukua. Tanuri likabaki kwa mjane, na shemeji akavua ovaroli la gereji, akaja kushika koleo.

Ili msomaji aelewe kilichoyapasua mawe yale, ni lazima aelewe maneno mawili ya karakana hii, kuposa na kupoza.

Kupoza ni rahisi kueleza. Jiwe likimaliza kufinyangwa haliachwi mezani. Linaingizwa kwenye jiko la matofali lenye joto, linafungiwa humo hadi kesho yake, lipoe polepole. Likipoa haraka, nje linakuwa gumu huku ndani bado limechemka. Bi Makaa anasema jiwe la namna hiyo limeweka kinyongo. Leo linakuchekea. Siku moja, hata kwa baridi ya asubuhi tu, linatoa yote.

Kuposa kunatangulia. Kioo kikipoa kinajivuta, kama ngozi mbichi inavyojivuta juani, na kila aina ya kioo ina kiasi chake cha kujivuta. Ukifungia cha rangi ndani ya cheupe na viasi vyao visilingane, watavutana humo ndani hadi mmoja amshinde mwenzake. Kwa hiyo fundi anachukua kipande cha kila upande, anaviyeyusha pamoja, anavivuta kwa koleo hadi vinakuwa uzi mrefu, anauweka chini upoe. Uzi ukibaki umenyooka, posa imekubaliwa. Ukipinda, hakuna ndoa.

"Kati ya kuposa na kupoza ni herufi moja," anasema. "Marehemu alikuwa akisema, ukikosea ile ya kwanza, hii ya pili haikuokoi. Utapoza wiki nzima, na kinyongo kitabaki palepale."

Mwaka jana alikosea ile ya kwanza.

Dalali wa zawadi za maofisini, mtu wa karibu wa kaka yake na mteja mkubwa wa gereji, alimletea kazi ya mawe mia mbili. Alikuwa hajawahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Kampuni moja ilitaka kuwapa wafanyakazi wake, yawe na ua la bluu, bluu ileile ya kwenye kibao chao. Dalali alimcheka kidogo kwanza, kwamba karatasi zenyewe zimekwisha, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Bi Makaa alimjibu kwamba karatasi zinaweza kwisha, upepo haujaisha.

Kioo cha bluu dalali alikileta mwenyewe, gunia zima la vigae, kwa sababu alikipata kwa bei ya kutupa. Bi Makaa alitoa kigae kimoja, akaposa. Uzi ulinyooka kama rula. Akawasha tanuri.

Asichojua ni kwamba gunia lilikuwa na bluu mbili, kutoka chupa za viwanda viwili tofauti. Kwa macho ni bluu moja. Hata leo ukimwekea vigae hivyo viwili kiganjani hawezi kukuambia kipi ni kipi.

"Aliposa dada mkubwa, akafungishwa ndoa na dada wawili," anasema shemeji mtu, na Bi Makaa anamtishia kwa gazeti bichi. Halafu anakubali. "Ni kweli. Marehemu angeposa kila kigae. Mimi niliona gunia la mtu mmoja, nikajua ni ukoo mmoja. Gunia lilikuwa la dalali. Mkono ulikuwa wangu."

Habari za kupasuka zilipomfikia, alimwaga masalio ya gunia sakafuni, akaposa kigae kimoja kimoja. Nyuzi zikajipanga kwenye sakafu, nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda kama mundu. Karibu nusu kwa nusu. Maana yake ilikuwa wazi kwake. Katika yale mawe ambayo yalikuwa bado mazima, nusu yalikuwa yanangoja siku yao, na hakuna aliyeweza kujua ni yapi.

Dalali alikuja na shauri lake. Waseme mawe yaliharibika kwenye usafiri. Yaliyobaki yaachwe yalivyo, mengine huenda yakakaa miaka kumi. Na yeye alikuwa bado na arobaini stoo, ambayo kampuni haikuyachukua, aliyokusudia kuyatawanya madukani kabla maneno hayajaenea.

Kaka yake Bi Makaa aliliunga mkono shauri hilo. Si mtu mbaya, na hata dada yake hasemi hivyo. Ndiye aliyewapa kiwanja bila kodi, na mazishi ya mume wa dada yake aliyabeba peke yake. Lakini dalali alikuwa analeta magari sita gerejini kila mwezi, na kaka ana mafundi wanaomtazama mkononi.

Walizungumza wawili, wamesimama kati ya tanuri na gari lililofunguliwa injini. Shemeji alikuwepo na anayakumbuka maneno yao.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," kaka alimwambia. "Hakuna anayejua kwa nini yanapasuka ila wewe. Nyamaza."

"Kata ni mimi, kaka, sawa. Lakini mtungi unavuja mbele za watu."

"Utaua jina lako."

"Jina langu nimelikwaruza chini ya kila jiwe. Jiwe likimchana mtoto wa mtu jicho, jina nitalifuta na nini?"

Kesho yake alichukua gunia tupu, akaenda kwenye ile kampuni. Mlinzi alimzuia. Aliyemfungulia mlango ni mama wa mapokezi, mkono ukiwa bado na bandeji. Bi Makaa alimwambia moja kwa moja kwamba ndiye aliyetengeneza mawe, na kwamba amekuja kuyachukua yote, mazima kwa mabovu.

Mama huyo anasimulia kwamba alikuwa ameyaandaa matusi yake tangu siku aliyoshonwa, yakamkauka mdomoni. Alichoweza kusema ni kimoja. "Nilimwambia, mama, uliniletea zawadi yenye meno. Akasema, ndiyo, na nimekuja kuyang'oa."

Walizunguka pamoja meza kwa meza. Wengine waliyatoa haraka. Wengine hawakutaka, walikuwa wameyapenda. Mhasibu mmoja aliapa kwamba lake alilipeleka nyumbani, kumbe amelificha kwenye droo. Lilipasuka humohumo kabla mwezi haujaisha, akavileta vipande mapokezi vimefungwa kwenye leso.

Yakabaki yale arobaini ya dalali. Dalali alikataa kuyatoa. Alisema ni mali yake, atakayeyataka anunue, bei ni ya dukani. Alikuwa anatania.

Bi Makaa aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa ikimwekea chakula mezani miezi ambayo mawe hayauziki, akayanunua mawe yake mwenyewe, yote arobaini. Dalali alizihesabu noti mara mbili, labda kwa kutoamini.

Angeweza kuyavunja usiku au kuyafukia shimoni. Hakufanya hivyo. Alisubiri siku ya kazi, gereji imejaa wateja. Alitoa bamba la chuma nje hadi getini, akamimina magunia, akachukua nyundo. Kila aliyeuliza alijibiwa, sauti haipandi wala haishuki: haya ni mawe yangu, niliyatengeneza vibaya, ukikuta lolote sokoni lenye alama hii na ua la bluu usilinunue.

Fundi mmoja alimshauri ahifadhi angalau moja la kumbukumbu. Alilivunja hilo pia.

Dalali alikuwepo, amekuja kuchukua gari. Aliondoka bila gari. Jioni kaka alikuja hadi mlangoni pa karakana, hakuingia. Alisema umemvua nguo rafiki yangu kwenye geti langu. Bi Makaa alisema mficha uchi hazai. Kaka akasema moto huo uzime leo, na matofali yake uondoke nayo.

Aliondoka nayo. Yeye na shemeji walilibomoa tanuri tofali kwa tofali wakalisukuma kwa mkokoteni, safari baada ya safari, kupita mbele ya gereji ileile. Mafundi walisimama kando na spana zao. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyemcheka pia.

Dalali, alipopigiwa simu kwa ajili ya habari hii, alisema kwa ufupi kwamba mchele wake ulikuwa mzuri, mpishi ndiye aliyeunguza. Nusu ya malipo ya Bi Makaa bado iko kwake na hana mpango wa kuitoa. Kaka alikutwa chini ya gari na hakutoka. Sauti yake ilisikika kutoka huko.

"Andikeni mnavyotaka. Mimi nilikuwa na dada. Akaolewa na moto."

Mwenye uwanja wa matofali ya saruji alimkodishia Bi Makaa kona kwa sharti kwamba akichoma kitu atalipa. Chungu cha kwanza kilipasuka siku ya pili, kioo kikamwagika chini ya tanuri na kuganda kama uji. Cha pili kikafuata. Wafyatua matofali waliwekeana dau atakata tamaa lini. Mmoja wao, mama mwenye mabega mapana anayebeba matofali manne kwa mara moja, aliweka dau kwamba hatakata, na ndiye aliyekula soda za wenzake.

Chungu cha tatu kilikaa. Kila mtu alitarajia atengeneze mawe ya kuuza, arudishe alichopoteza. Badala yake alitangaza kwamba anatengeneza upya yale mia moja na sitini ya kampuni, bila malipo. Shemeji anakiri kwamba siku hiyo aliweka koleo chini, akaenda kunywa chai, akawaza sana kurudi kwenye ovaroli. Alirudi kwenye koleo.

"Nilimuuliza, shem, kampuni imekudai? Akasema haijanidai. Nikamuuliza, sasa? Akasema, ndiyo maana."

Tena akasema yatakuwa ya bluu. Hapo hata mama wa mapokezi alimsihi abadilishe rangi, watu wanaiogopa. Kijani kipo tele, kahawia ipo tele.

"Bluu ndiyo iliyoniangusha mbele za watu," anasema Bi Makaa, akilisugua bapa la jiwe kwenye sahani ya mchanga na maji. "Nikija na kijani watasema amekimbia. Sikimbii rangi."

Safari hii bluu yake inatoka kwenye chupa za zamani za dawa, anazonunua moja moja kwa waokota chupa. Kila chupa inavunjwa peke yake, inawekwa kwenye kopo lake, inaposwa peke yake. Uzi wa kila posa anaubandika kwa gundi kwenye ukuta ule mmoja wa karakana. Ukuta mzima sasa umejaa nyuzi za bluu zilizonyooka, na mgeni anaweza kudhani ni pambo. Zilizopinda amezibandika pia, chini kabisa, pembeni, pale anapopita kila akiingia.

Katika kampuni ile meneja alisema hadharani kwamba hataki tena kuona kioo juu ya meza. Bi Makaa hakubishana naye. Kila akimaliza jiko moja la mawe huyapeleka mapokezi, na mama wa mapokezi humwita mwenye zamu yake kimyakimya. Mhasibu wa droo alikuja bila kuitwa. Meneja mwenyewe ana moja, inasemekana, lakini liko nyumbani kwake.

Hadi sasa hakuna lililopasuka, na baridi kali imekuja na kupita.

Leo anatengeneza kumi na moja ya mwisho. Donge la mchana linakataa kukaa sawa, ua limeinama upande. Shemeji anasema halionekani, liache. Bi Makaa analigonga, linaangukia kwenye pipa la vigae, anachota jingine. Shemeji anachovya gazeti jipya kwenye maji bila kuambiwa.

Akimaliza deni hili ambalo hakuna aliyemdai, ana mpango. Maduka mawili yameulizia mawe, na safari hii anataka kuuza mwenyewe, bila mtu wa katikati. Yule mama wa matofali ameomba kufundishwa kazi, na ameshaanza na posa. Nyuzi zake tatu za kwanza zote zilipinda, akakasirika, akaambiwa hasira azipeleke kwenye matofali. Ukuta wa pili wa karakana ataujenga yeye kama malipo ya mafunzo.

Anaulizwa ule uamuzi wa getini umemgharimu nini. Hafikirii mara mbili. Anafuta mikono kwenye aproni na kuhesabu, kidole kwa kidole, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni.

"Mawe mia moja na sitini, kazi ya mara mbili kwa malipo ya nusu. Mengine arobaini, niliyanunua kuyavunja. Cherehani. Oili, mapipa tisa. Vyungu viwili. Kiwanja."

Kidole cha mwisho anakishika muda kidogo.

"Na kaka. Tulizaliwa wawili."